Titi la Kushoto

Mimi ni fundi wa nguo. Cherehani yangu iko barazani, hapa mji wa Baraka, kando ya njia inayokwenda sokoni, na karibu kila mwanamke wa mtaa huu amewahi kusimama mbele yangu ameinua mikono nikimpima kifua. Najua nani amekonda huku anasema yuko salama. Najua nani ana mimba kabla mama mkwe wake hajajua. Kazi hii inamtaka mtu anyamaze, na mimi sikuzaliwa mnyamavu, kwa hiyo imenipa taabu sana.

Blauzi zangu mwenyewe nilikuwa nazishona tofauti na za wateja. Kwa ndani, upande wa kushoto, nilishikiza kifungo cha koti, kile kinene, nikakizungushia pamba na kipande cha kikwembe, kitenge cha kujifunga, kikae pale ambapo chuchu ingekaa. Titi langu la kulia lilikuwa kama matiti ya watu. La kushoto, chuchu yake ilikuwa imezama ndani, kimebaki kitundu tu mithili ya kitovu, na pembeni yake kovu limetanda, gumu, linang'aa, limekua kupita kidonda chenyewe. Ukivaa blauzi ya kubana, upande mmoja unasimama na wa pili umelala, na Baraka watu wana macho.

Jumapili moja kanisani, tumesimama tunaimba, uzi ukakatika. Kifungo kikateleza tumboni, kikaanguka sakafuni, kikabiringika hadi miguuni kwa mama wa benchi la mbele. Akakiokota, akakigeuza geuza, kisha akanitazama kifuani.

"Fundi, kifungo yako," akasema, akanirudishia.

Hakucheka. Afadhali angecheka, maana ningejua la kumjibu.

Kovu hilo nililipata na mtoto wangu wa kwanza. Wakati huo tulikaa Fizi, kule juu mlimani, mume wangu akifundisha shule. Mtoto alikuwa wa kiume, na kunyonya kwake kulikuwa kazi rasmi: asubuhi wakati wanawake wanapita na mabeseni, na alasiri wanafunzi wakitoka shuleni. Katikati alinyonya ovyo, lakini saa hizo mbili hakusamehe, na daima alianza na kushoto. Hata ukimweka kulia, anageuka.

Kabla hajaanza kukaa, titi hilo la kushoto likavimba, likawa la moto, nikatetemeka kwa homa hadi meno yakagongana. Kituo cha afya hakikuwa na dawa siku hizo. Nikateremka Lweba kwa bibi yangu, mama wa mama yangu, ambaye ndiye alinilea. Bibi alilipapasa, akasema usaha umeiva. Akaupitisha wembe kwenye moto, akanichana pembeni ya chuchu, akakamua, akapaka unga mweusi wa mizizi aliyoichoma mwenyewe. Homa ilishuka siku ile ile. Simlaumu bibi, aliniokoa, na atakayemsema vibaya mbele yangu tutakosana. Ila kidonda kilipofunga, kiliivuta chuchu kikaingia nayo ndani.

Siku zote hizo mtoto alinyonya kulia peke yake. Kila nikimpakata aligeuza kichwa, akapapasa kitambaa cha kushoto kwa mdomo, akalia. Nilikuwa namwambia, ngoja kidogo, litapona. Hakungoja. Tulikuwa tumerudi Fizi, homa ikamkamata ghafla mchana, na jua halijazama tulikuwa hatuna mtoto.

Kwa bibi yangu kuna jambo linalofanywa mtoto wa kunyonya akifa. Sijui kama ni la Wabembe wote au la nyumba yetu tu. Nimewahi kuwauliza wateja, wengine wanalijua, wengine wakanitazama kana kwamba nimetaja uchawi. Maziwa yakianza kuuma, mama anakwenda kaburini, anapiga magoti, anakamua titi moja juu ya udongo, kisha la pili, halafu anasema: umeshiba, mwana, achia sasa. Huko ndiko kumwachisha. Bila hivyo mtoto hajui kwamba kunyonya kumekwisha.

Bibi alipanda mlima kutoka Lweba ili asimame nyuma yangu. Titi la kulia lilitoa maziwa mengi, udongo ukayanywa. La kushoto nililikamua, nikalikamua, kidonda kikafunguka, lakini halikutoa hata tone. Nililia kwa maumivu na kwa hasira. Bibi aliponiinua alikuwa anatazama chini, si mimi.

"Huyu umemuachisha nusu," akasema. "Kuume ameachia. Kushoto anangojea bado."

Alilisema hilo kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayesema mihogo haijakauka. Ndiyo maana sikuweza kulisahau.

Tulihamia Baraka, nikanunua cherehani, na kovu likaanza kukua. Kwanza lilikuwa mistari miwili myembamba ya wembe. Likanenepa, likapanda juu ya ngozi nzima, likaungana. Na likaanza kunivuta. Watu husema kovu linawasha, na la kwangu liliwasha pia, lakini hilo silo ninalolisema. Kulikuwa na kuvuta, kutoka ndani kuja nje, kwa mapigo, na mama yeyote aliyenyonyesha anajua ni mapigo gani. Asubuhi wanawake wakirudi kutoka ziwani na mabeseni ya samaki. Alasiri wanafunzi wakitoka shuleni. Nilikuwa nasimamisha cherehani, naweka mkono kifuani, nangoja kupite. Wateja walidhani naomba Mungu.

Kulikuwa na jambo lingine ambalo sikumwambia mtu. Wateja wanakuja na watoto wachanga mgongoni. Mtoto analia, mama anamzungusha mbele, na mara anaponifikia mimi, mtoto ananyamaza. Hanitazami usoni. Anatazama upande wangu wa kushoto, kifuani, anakaza macho, na baadhi yao wanatabasamu kama wanavyowatabasamia watoto wenzao. Mara ya kwanza nilifurahi. Zilipokuwa nyingi nilianza kuwapima mama zao kwa haraka, nikiwa nimewapa mgongo watoto.

Mume wangu ni mtu mpole. Hakuwahi kuligusa titi lile na hakuwahi kulisema. Nilitaka mtoto mwingine, nilimtaka sana, na nilimwogopa vilevile, kwa sababu nilijiuliza atakapokuja nitampakata upande gani. Upande mmoja ulikuwa na mwenyewe. Nilichotaka ni titi lile lifunguke: nimmalizie yule wa kwanza kumwachisha, na yule atakayekuja akute pande zote mbili ni zake.

Kisha redio ya mji ikatangaza kwamba kuna daktari mpasuaji atakuja hospitali ya hapa, anatengeneza midomo iliyopasuka, ngozi zilizoungua na makovu mabaya. Nilikwenda mapema nikakaa kwenye benchi pamoja na wenye shida zinazoonekana. Mama mmoja aliyeungua shingo akaniuliza mimi naumwa wapi. Nikamwambia nimemsindikiza mtu.

Daktari alikuwa mwanamke, mwenye mikono midogo, mchangamfu. Alilibonyeza kovu kingo zote.

"Mama, hii kovu ni ya ile aina haina adabu," akasema. "Kidonda inapona, yeye anaendelea tu kukomaa."

"Dokta, mi niko fundi," nikamwambia. "Nguo ikishonwa mubaya tunafumua, tunashona tena. Fumua."

"Ngozi haiko nguo. Nikikata tu, hata nikishona muzuri namna gani, itarudi mukubwa kupita hii. Ngozi inakumbuka."

"Nguo nayo inakumbuka. Tundu za sindano zinabakia."

Akacheka, akavuta kiti, na tangu hapo tukaongea vizuri. Alinifafanulia njia zote bila haraka, namna ninavyomfunulia mteja vitambaa. Kwa kovu kulikuwa na sindano inayochomwa ndani ya kovu lenyewe, mwezi kwa mwezi, lilainike na kushuka. Kulikuwa na kulibana kwa kitambaa cha kukaza, au kwa karatasi laini ya silikoni, mchana na usiku, kwa miezi mingi. Kulikuwa na kulikata na kulichoma sindano hizo hizo baada ya kukata, ili lisipate nafasi ya kuinuka tena. Kwa chuchu kulikuwa na kuivuta kila siku kwa sirinji iliyokatwa mdomo, lakini ya kwangu alijaribu kuivuta kwa vidole akatikisa kichwa; kovu lilikuwa limeishika kwa ndani. Ilibidi kupasua, na kupasua kuna namna mbili. Ya kwanza ni kukata kamba zote zinazoishikilia, chuchu inasimama vizuri na haizami tena, lakini mirija ya maziwa inakatwa pamoja nazo. Ya pili ni kuzitenganisha kidogo kidogo, kuacha mirija, na kupiga mshono wa kuishikilia chini. Kwa hiyo ya pili chuchu inaweza kuzama tena, na hata maziwa daktari hakuwa na hakika nayo.

"Uko unataka kuzaa tena?"

"Niko nataka."

"Basi ya kwanza tuache. Ile ni ya kutazamwa. We unataka ya kunyonyesha."

Nikamuuliza kuhusu kule kuvuta. Akasema kovu za namna hii zinawashaka, ni kawaida. Nikamwambia, kwa saa maalumu? Akauliza saa gani. Nikamweleza kuhusu wanawake wa samaki na wanafunzi, na mtoto, na yale ya Fizi. Hakunicheka.

"Mwili inashikaka saa," akasema baadaye. Lakini mkono wake, uliokuwa juu ya kovu muda wote, aliuondoa.

Nilipasuliwa asubuhi nikiwa macho. Walinifunika kitambaa cha kijani hadi kidevuni, wakanichoma dawa ya ganzi, daktari akanibana kwa koleo akauliza, "Unasikia?" Sikusikia kitu. Titi lilikuwa limekwenda, lilikuwa mzigo wa mtu mwingine uliowekwa juu yangu. Nilichosikia ni mkasi, na sauti yake niliijua, ni ile ya kukata kitambaa kizito cha koti. Nikawaza kwamba kama ni hivi tu, nimechelewa kuja.

Dirishani wanawake wa samaki wakaanza kupita. Wanabishana bei, wanacheka, maji ya mabeseni yanamwagika njiani. Na ndani ya titi lililokufa ganzi, kuvuta kukaanza.

"Dokta," nikasema, "nasikia."

Mkasi ukasimama. "Unasikia kisu?"

"Kisu sisikie. Niko nasikia kuvuta."

Nikainua kichwa kidogo nikachungulia juu ya kitambaa. Daktari alikuwa ameinua mikono yote miwili hewani, pamoja na glavu zenye damu, kama wateja wangu wanavyoinua nikiwapima. Muuguzi naye alikuwa amerudi nyuma hadi ukutani.

"Mi sivute kitu, mama," akasema daktari. "Hakuna mutu anakugusa."

Tulingoja wote watatu. Kulipopita nikamwambia aendelee, akaendelea. Nilipokuwa natolewa niliona kipande walichokitoa kimelala kwenye bakuli la chuma. Kilikuwa kimejikunja, kina kingo mbili nene na mwanya katikati, umbo la mdomo mdogo. Niliishi nacho muda wote huo na sikuwahi kukiona hivyo, kwa sababu kilikuwa kimenigeukia mimi.

Baadaye mambo yalikwenda sawa kuliko daktari alivyotarajia. Nilichomwa sindano zangu, zinauma, sitadanganya. Kitambaa cha kubana nilikishona mwenyewe kwa lastiki nzuri, na daktari alipokiona akaniomba nimshonee vingine kwa yule mama aliyeungua shingo na wenzake. Chuchu ilisimama, imeinama upande kidogo, lakini imesimama. Kile kifungo nilikishona kwenye koti la mume wangu. Na kuvuta kukakoma. Asubuhi wanawake walipita na mabeseni yao na mimi niliendelea kushona. Nilifurahi. Pia nilikuwa nainua kichwa kila walipopita, nikitega sikio, na hapakuwa na kitu, na furaha yenyewe ilinitia upweke.

Binti yetu alizaliwa hapa Baraka, mvua zikiisha. Maziwa ya kulia yalikuja mara moja. Ya kushoto yalikawia, kisha asubuhi moja nikaona blauzi imelowa. Nilikaa kitandani nikalia kwa furaha, mume wangu akakimbia kuleta kikwembe akidhani kuna damu.

Nikampakata binti kushoto. Akanyamaza, hakufungua mdomo. Akainua macho, hakunitazama mimi, alitazama karibu na bega langu, akakaza, akatabasamu. Nikajaribu kesho yake, na kesho yake tena. Kulia ananyonya hadi anakoroma. Kushoto anatabasamu na kungoja, kama mtu aliyekuta kiti kina mwenyewe. Na ukingoni mwa mshono, kidogo, kuvuta kukarudi. Wanawake wa samaki wakipita, maziwa ya kushoto yalidondoka yenyewe. Wanafunzi wakitoka, yalidondoka tena.

Daktari alikuwa ameniambia waziwazi: ukisikia kuwasha tena, kimbia, tutazuia mapema, ukikawia kovu itainuka. Mume wangu alilijua hilo.

"Mama, twende hospitali," akasema. "Usingojee."

Nikampigia bibi simu Lweba. Siku hizi haoni vizuri, na simu anashikiwa, lakini sauti yake ni ile ile.

"Maziwa iko sasa?" akauliza. "Ya kushoto?"

"Iko, bibi."

"Panda Fizi, umumalizie. Juu ya nini unanipigia simu mimi?"

Nikamwambia mume wangu kwamba nitakwenda Fizi kwanza, hospitali baadaye. Akaenda kutafuta pikipiki yeye mwenyewe, akamwagiza dereva asikimbize.

Nilipanda na binti mgongoni. Njiani nilikuwa nayarudia yale maneno kimoyomoyo kila tulipopita shimo: umeshiba, mwana, achia sasa. Nilikuwa tayari. Nataka mtu ajue kwamba nilikuwa tayari kabisa. Nilikuwa na mtoto hai anayestahili pande zote mbili, na nilikuwa na titi lililokatwa na kushonwa kwa ajili ya siku hiyo.

Makaburini mihogo ya watu imesogea hadi karibu na mawe. La kwake nililipata bila kutafuta. Dereva alibaki barabarani. Nikapiga magoti, nikafungua blauzi, nikalegeza kitambaa cha kubana. Nilianza na kulia, kama inavyotakiwa, halafu nikashika kushoto. Sikuhitaji hata kukamua. Yalitoka yenyewe, nyuzi nyuzi, na udongo ulikuwa mkavu, ukayanywa bila kuacha alama. Binti yangu mgongoni alikuwa kimya. Nilisikia kidevu chake juu ya bega langu la kushoto, anachungulia chini.

Kuvuta kukaja. Kulikuwa na nguvu kuliko wakati wowote, na hakukuwa na maumivu. Mimi nimewanyonyesha watoto wawili. Najua mtoto anayechezea titi, najua anayelala nalo mdomoni, najua aliyeshiba na anakawia tu kuachia. Huyu alikuwa na njaa. Alikuwa amengoja kushoto tangu siku ile, nikimwambia ngoja kidogo, na kwa mara ya kwanza alikuwa amepata.

Bibi alinifundisha maneno ya kumwambia mtoto aliyeshiba. Hakunifundisha ya kumwambia mwenye njaa. Yale ya kuachia sikuyasema. Nilikuwa nimepanda hadi Fizi kumwachisha mwanangu, na nikamnyonyesha.

Nilikaa chini, nikaegemea jiwe, nikaliinua titi kwa vidole viwili, vile tunavyofanya ili pua ya mtoto isizibwe. Barabarani dereva akapiga honi. Akapiga tena. Nikamwonyesha kwa mkono angojee kidogo, mtoto hajamaliza.